Mali Iliyo Chini: Dhahabu ya Rwamgasa, Gesi ya Pwani na Sheria Zake

Kutoka Rwamgasa, katika mkoa wa Geita, hadi maji ya Songo Songo mbele ya Kilwa ni safari ya kuivuka nchi nzima kutoka kaskazini-magharibi hadi kusini-mashariki, na mtu ambaye riziki yake hutoka katika duara la kuchimbia, karasha la kuponda mawe na mwalo wa kuoshea dhahabu hawezi kulaumiwa akidhani kwamba visima vya gesi vya pwani ni habari za watu wengine. Lakini mali hizi mbili, dhahabu iliyofichika ndani ya mwamba na gesi iliyofichika chini ya sakafu ya bahari, zimetawaliwa na kanuni moja kwa muda unaokaribia miaka mia, nayo ni kwamba anayelima, anayejenga au anayevua juu hana milki ya kilichomo chini, na kwamba kilichomo chini ni mali ya dola, ambayo humpa kibali cha kukitafuta na kukitoa yule inayemridhia. Kanuni hiyo moja ilizaa mambo mawili yaliyo mbalimbali. Huku bara kulikuwa na watu wengi bila waraka. Kule pwani kukawa na waraka mwingi bila watu. Hivyo ndivyo ninavyoisoma historia yetu, na katika kurasa hizi nakusudia kuonyesha jinsi tulivyofika hapo, maana shauri la gesi ya pwani bado halijakwisha, na Rwamgasa ina ushahidi wa kutoa katika shauri hilo.

Pwani ilizijua amri na ushuru wa madini karne nyingi kabla Tanganyika haijawa na mipaka. Dhahabu iliyochimbwa katika nyanda za Zimbabwe ilishuka hadi bandari ya Sofala, na kutoka Sofala ikapakiwa vyomboni kuelekea kaskazini, na masultani wa Kilwa, kwa kuishika njia hiyo na kutoza ushuru juu ya shehena, walijaliwa utajiri ulioupanua msikiti mkuu na kuliinua jumba la Husuni Kubwa, kazi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika Kilwa mwaka 1331. Kilwa haikuwa na mgodi wa dhahabu hiyo. Ilichokuwa nacho ni mizani, bandari na amri. Na Wareno, walipoivamia mwaka 1505, walikuwa wakiutafuta ushuru huo na biashara hiyo. Naitaja Kilwa mapema kwa sababu gesi ya kwanza ya nchi hii iligunduliwa katika maji yake, na kwa sababu habari zake zatuonyesha jambo litakalorudi tena na tena, yaani kwamba faida ya madini aghalabu hukaa mahali yanapopimwa na kuandikwa, mbali na mahali yanapotoka.

Huku kwetu, kusini mwa Ziwa Victoria, ardhi ilifukuliwa kwa ajili ya chuma kabla haijafukuliwa kwa ajili ya dhahabu. Warongo, mafundi wa Buzinza, waliyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe yaliyouzwa hadi Usukuma, na kazi hiyo ilikuwa na miiko yake na wakubwa wake, hata mtu asiyehusika nayo asingeweza kujiingiza kwa pupa. Wajerumani walipoitia nchi mkononi walileta hukumu ya namna nyingine, ya karatasi na mhuri. Mwaka 1898 dhahabu ilitambuliwa Geita, lakini mgodi wa kwanza wenye sifa ulikuwa Sekenke, huko Iramba, uliofunguliwa mwaka 1909. Na dhahabu ya Sekenke ndiyo iliyopigwa chapa mjini Tabora mwaka 1916, Wajerumani walipozingirwa na vita na kuishiwa fedha, ikawa ile sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo ambayo wapenzi wa sarafu za kale wanaitafuta mpaka leo.

Waingereza waliokuja baada yao waliimarisha msingi huo. Sheria ya Madini ya mwaka 1929 iliweka milki na usimamizi wa madini yote ya Tanganyika mikononi mwa serikali, na juu ya sheria hiyo ulifunguliwa mgodi wa Geita katika miaka ya 1930, mgodi uliokuwa mashuhuri kuliko yote ya dhahabu katika Afrika Mashariki mpaka ulipofungwa mwaka 1966. Katika miaka hiyo thelathini mwenyeji wa Geita aliijua dhahabu kwa ujira: aliipasua, aliiponda na kuiosha kwa niaba ya mwenye kibali, na aliporudi nyumbani hakuwa na haki ya kuichimba chini ya shamba alilorithi kwa babu yake. Sisemi haya ili kuamsha uchungu wa zamani. Nasema kwa kuwa uhuru ulipopatikana bendera ilibadilika, mahakama zikabadilika, hata majina ya barabara yakabadilika, lakini kifungu kile kinachotenga juu na chini hakikuguswa. Dola mpya ilikirithi kizima, nayo ilikuwa na haja nacho, maana iliamini kwamba mali hiyo ikiwa mkononi mwa taifa itawafaa wote.

Mgodi ulipofungwa dhahabu haikufungwa nao. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaka njia kuu za uchumi ziwe chini ya umma, na mwaka 1972 likaundwa Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, kisha Sheria ya Madini ya mwaka 1979 ikachukua mahali pa ile ya kikoloni. Lakini katika miaka ya 1980, dukani palipokuwa patupu na pamba ilipokuwa hailipi, watu walishika sururu na kurudi ardhini bila kumngojea mtu wa kuwaruhusu. Serikali iliikubali hali hiyo hatua kwa hatua, na mwaka 1990 Benki Kuu yenyewe ikaanza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo kwa bei ya kuvutia. Rwamgasa ya machimbo ni mtoto wa zama hizo.

Ningependa msomaji wa pwani, ambaye pengine hajapata kuyaona machimbo, aelewe kwamba hapakuwa na ghasia tupu kama inavyodhaniwa. Mwenye shamba, mwenye leseni pale ilipokuwapo, mwenye duara, na vijana wenye nguvu za kushuka ndani yake waligawana mawe kwa viroba, kila mmoja kwa fungu lake linalojulikana, na mgao huo ulisimama juu ya neno la mdomo na macho ya mashahidi. Aliyekata matimba ya kuzuia kuta zisiporomoke alikuwa na haki yake. Aliyeleta chakula kwa mkopo wakati duara halijatoa kitu alikuwa na haki yake. Mawe yalipelekwa karashani, unga ukaoshwa mwaloni, zebaki ikaishika dhahabu, moto ukaiondoa zebaki, na mchanga uliobaki, yaani marudio, ukauzwa tena kwa mwenye maarifa ya kukamua kilichosalia. Nawapinga kwa moyo wote wanaosema kwamba machimbo hayo yalikuwa hayana sheria. Yalikuwa nazo, tena zenye insafu kuliko baadhi ya zilizochapwa. Zilichokosa ni mtu wa serikali wa kuziandika na kuzipa nguvu mbele ya hakimu.

Hasara ya kutoandikwa ilidhihirika Bulyanhulu, katika Kahama ya wakati ule, ambako mwezi Agosti mwaka 1996 wachimbaji wadogo kwa maelfu waliondolewa ili kuipisha kampuni iliyokuwa na leseni. Mbele ya sheria wao walikuwa wavamizi, ingawa maduara yao yalikuwa wazi na matimba yake yangali imara. Miaka miwili baadaye ikatungwa Sheria ya Madini ya mwaka 1998, iliyowafungulia mlango wenye mitaji ya nje na kuweka mrabaha wa dhahabu kuwa asilimia 3, na mwaka 2000 mgodi mkubwa mpya wa Geita ukaanza kazi. Sheria ya mwaka 2010 ilipandisha mrabaha hadi asilimia 4 na kuwahifadhia raia wa Tanzania leseni ndogo za uchimbaji; mabadiliko ya mwaka 2017 yakaufikisha asilimia 6 pamoja na ada ya ukaguzi ya asilimia 1; na mwaka 2019 wachimbaji wadogo wakaondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, kisha masoko ya madini yakafunguliwa, Geita ikiwa mstari wa mbele. Hayo ni mema, nami nayasifu bila kusita. Lakini hesabu miaka: tangu Benki Kuu iliponunua gramu zake za kwanza kwa mchimbaji mdogo hadi alipopata soko la haki lenye mizani ya serikali, ilipita karibu miaka thelathini.

Katika miaka hiyo sheria ilikuwa ikifuata nyuma ya sururu, na iliyolipa deni la kuchelewa kwake ilikuwa miili ya watu. Mwanzoni mwa karne hii Umoja wa Mataifa, kwa njia ya shirika lake la maendeleo ya viwanda, ulianzisha mradi wa zebaki katika nchi sita, zikiwamo Brazili, Indonesia na Zimbabwe, na katika Tanzania mahali palipochaguliwa palikuwa Rwamgasa. Wataalamu walipima maji, udongo na samaki, wakapima mkojo na damu za watu. Na waliokutwa na madhara makubwa zaidi walikuwa wale wanaoichoma dhahabu kwa mikono yao wenyewe, wakiuvuta moshi usioonekana. Fauka ya hayo, maji ya Rwamgasa hayaelekei Ziwa Victoria kama mgeni anavyotarajia. Yanashuka kusini-magharibi, kwa Mto Nikonga, kuelekea bonde la Malagarasi, ambalo maji yake huishia Ziwa Tanganyika. Na hivyo tone la zebaki linalopotea mwaloni kwetu lina njia ya kuwafikia watu ambao hawajapata kuisikia Rwamgasa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020, na STAMICO ikapewa kituo cha mfano hapa Rwamgasa cha kuwaonyesha wachimbaji njia ya kupata dhahabu bila zebaki. Kituo ni kizuri. Kingekuwa kizuri zaidi kama kingekuja kabla kizazi kizima hakijaivuta sumu hiyo.

Sasa tuelekee pwani, ambako mambo yalikwenda kinyume kabisa. Gesi haichimbwi kwa sururu. Kijana wa Kilwa au Msimbati, awe shujaa namna gani, hawezi kuzamia chini ya bahari na kurudi na debe la gesi begani. Hutakiwa meli za kupima kwa mitetemo, mitambo ya kutoboa mwamba maelfu ya mita, na fedha ambazo hata serikali hazikuwa nazo. Kwa hiyo huko sheria ilipata bahati ambayo Rwamgasa haikuipata: ilikuwa na wasaa wa kutangulia. Kampuni za BP na Shell zilianza kutafuta mafuta katika mwambao mwaka 1952, zikatoboa visima Mafia, Unguja na Pemba, na serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya pekee ya mafuta mwaka 1958, wakati ambapo hapakuwa na hata pipa moja la kuitumikia sheria hiyo. Huko Pemba, penye Tundaua, mafuta yalijulikana kujitokeza yenyewe ardhini, lakini visima havikutoa cha kufanyia biashara, na mwaka 1964 kampuni hizo zikaondoka.

Mwaka 1969 Serikali iliunda Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, na kuikaribisha kampuni ya Agip kutoka Italia kwa mkataba wa kugawana mapato ya uzalishaji. Ni mwaka huo huo ambapo Norway iligundua mafuta ya Ekofisk katika Bahari ya Kaskazini, na mtu anaweza kuzilinganisha nchi mbili hizi, zote mbili zikiwa na mwambao mrefu, wavuvi wengi na ujuzi mdogo wa mafuta, zikianza kazi moja kwa wakati mmoja. Agip iliipata gesi ya Songo Songo mwaka 1974, na ya Ghuba ya Mnazi, karibu na Msimbati, mwaka 1982. Kati ya uvumbuzi huo wa kwanza na wa pili ikapitishwa Sheria ya Utafutaji na Uzalishaji wa Petroli ya mwaka 1980. Lakini nchi haikuwa na viwanda wala mitambo ya kuitumia gesi hiyo, mafuta ndiyo yaliyotakwa na ulimwengu, na Songo Songo ikalala chini ya maji miaka thelathini, mpaka mwaka 2004 bomba la kilomita 232, lenye kilomita 25 chini ya bahari, lilipoifikisha Dar es Salaam kuendesha mitambo ya umeme ya Ubungo. Miaka thelathini ya kungoja! Dhahabu ya Rwamgasa haikumngoja mtu siku thelathini.

Muda huo wa kungoja ulitumiwa, kwa sehemu, kujibu swali zito la bahari ni ya nani na inaishia wapi. Tayari mwaka 1973 Tanzania ilikuwa imetangaza kwamba maji yake yanafika maili 50 kutoka ufukweni, kwa kuona jinsi meli za mataifa makubwa zilivyozijongelea nchi changa. Kisha ikashiriki katika majadiliano marefu yaliyozaa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambamo Joseph Warioba alikuwa miongoni mwa wajumbe wetu, naye baadaye akawa hakimu katika mahakama ya kimataifa ya sheria ya bahari. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 1985, na kwa sheria ya mwaka 1989 ikaweka maili 12 za bahari ya mipaka ya nchi na maili 200 za ukanda wa uchumi. Bila kazi hiyo ya wanasheria, gesi ya kina kirefu iliyopatikana baadaye ingekuwa na mashaka ya milki. Nawaheshimu waliofanya kazi hiyo, nayo haikumbukwi inavyostahili.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi kwa kuwa lilikuwa la nyumbani. Muungano wa mwaka 1964 haukuyataja mafuta na gesi katika mambo ya Muungano yaliyoorodheshwa mwanzo. Yaliongezwa mwaka 1968. Wazanzibari wengi hawakuridhika na nyongeza hiyo, hasa pale ilipodhihirika kwamba vitalu vya baharini kuzunguka Unguja na Pemba vingesimamiwa na shirika la Bara, na kwa zaidi ya miaka kumi vitalu hivyo vilikaa bila kuguswa kwa sababu ya mvutano huo. Mwaka 2009 Baraza la Wawakilishi lilitamka kwamba mafuta na gesi yaondolewe katika mambo ya Muungano. Njia ikapatikana katika sheria ya mwaka 2015, iliyoiruhusu Zanzibar kusimamia yake kwa sheria yake, na Zanzibar ikatunga Sheria ya Mafuta na Gesi mwaka 2016, kisha mwaka 2018 ikatia saini mkataba na kampuni ya RAK Gas kutoka Ras al-Khaimah. Yapo maswali ya katiba ambayo wanasheria wanaendelea kuyajadili, na mimi si mwanasheria. Lakini naona kwamba shauri lililokalia vitalu muda wote huo lilimalizwa kwa maneno na kwa kura, na hilo ni la kushukuru katika ulimwengu ambao mafuta yameangusha dola nyingi.

Tatizo la pwani halikuwa upungufu wa sheria, basi. Lilikuwa kwamba sheria hizo, mikataba hiyo na ramani hizo za vitalu vilifanywa baina ya ofisi na kampuni, na aliyekaa ufukweni alikuja kuviona vimekwisha. Kati ya mwaka 2010 na 2015 gesi nyingi iligunduliwa katika kina kirefu mbele ya Lindi na Mtwara, jumla yote ikakadiriwa kupita futi za ujazo trilioni 57, na matumaini yakapanda kuliko maji ya bamvua. Ndipo ikajulikana kwamba bomba jipya, lenye urefu wa kilomita zaidi ya 500 na lililojengwa kwa mkopo wa China, litaichukua gesi ya Mtwara kuipeleka Dar es Salaam. Wananchi wa Mtwara waliandamana Desemba 2012. Machafuko yakafuata Januari 2013, na tena mwezi Mei mwaka huo, siku ya kusomwa bungeni bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini, watu wakapoteza maisha na nyumba zikateketezwa. Waliosema wakati ule kwamba wenyeji wa Kusini walikuwa wachoyo wa mali ya taifa hawakuwatendea haki. Mtu aliyeahidiwa viwanda, akakata miti ya shamba lake akingoja, kisha akaona bomba likipita mbele ya mlango wake na kwenda zake, ana haki ya kuuliza ahadi ile iliandikwa wapi.

Na hapa ndipo palipokuwa na siri kubwa, maana hata Bunge halikuwa limeiona mikataba. Mwezi Novemba 2014 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali iliagiza wakuu wa shirika la petroli wakamatwe kwa kutowasilisha mikataba 26 ya gesi iliyoombwa na kamati hiyo. Zingatia pia kwamba kwa miaka mingi shirika hilo lilikuwa mshirika katika biashara ya gesi na papo hapo mshauri na msimamizi wa walioomba leseni, sawa na mfanyabiashara wa sokoni aliyekabidhiwa kukagua mizani ya soko zima. Mwaka 2015 jambo hilo lilirekebishwa: Sheria ya Petroli ilianzisha PURA, mamlaka ya kudhibiti utafutaji na uchimbaji, huku EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikibaki na usafirishaji na uuzaji, sheria ya pili ikaweka utaratibu wa kutunza mapato ya mafuta na gesi, na ya tatu ikaamuru uwazi wa malipo na wa mikataba. Sheria zote tatu zilipitishwa mwezi Julai kwa hati ya dharura, wapinzani wakilalamika na baadhi yao wakitolewa ukumbini. Gesi iliyongoja chini ya bahari tangu 1974 ilitungiwa sheria yake kuu kwa haraka ya siku chache, na siwezi kulitetea hilo, ingawa yaliyomo ndani yake nayaona kuwa bora kuliko yaliyotangulia.

Lipo jambo moja ambalo naona sheria zote hizi hazijaligusa vya kutosha, nalo ni hadhi ya mvuvi. Huku Rwamgasa mwenye shamba, hata alipokuwa hana hati, alikuwa na mipaka inayojulikana: mkonge huu, mwembe ule. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinaitambua ardhi ya kijiji, na fidia inahesabu nyumba, mnazi na mkorosho. Lakini baharini hakuna mkonge wa mpaka. Mvuvi anayehama na pepo za kusi na kaskazi, akapiga dago, yaani kambi yake ya uvuvi, miezi kadhaa katika kisiwa kisichokuwa na wakazi kisha akarudi kwao, hana shamba la kutathminiwa, hana mti wa kuhesabiwa. Na meli ya kupima ikipita na kumtaka aondoe nyavu, au eneo la usalama likichorwa kuzunguka kisima, anapoteza kitu ambacho katika daftari la mthamini hakipo. Sheria ya Hifadhi za Bahari ya mwaka 1994 ilianza kulikaribia jambo hili, na kwayo zikapatikana hifadhi ya Mafia mwaka 1995 na ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma mwaka 2000. Na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka athari za kila mradi mkubwa zichunguzwe na watu wasikilizwe. Hata hivyo kusikilizwa si kuwa na haki. Wakazi wa Likong'o, huko Lindi, ambako kiwanda cha kusindika gesi kimepangwa kujengwa, walikuwa na ardhi na walitambuliwa, na hata hivyo fidia yao ilichelewa hadi mwaka 2020. Asiyekuwa na ardhi atangoja mpaka lini?

Mtu wa Rwamgasa anayasikia haya na kuyatambua, kwa sababu ni habari zake mwenyewe zikisimuliwa na mtu mwingine. Tena siku hizi si habari za mbali. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani karibu na Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwezi Agosti 2017, linapita katika mikoa minane ya Tanzania, nayo Geita na Shinyanga imo. Linapita Chato, Bukombe, Mbogwe na Kahama, yaani katika nchi ya wachimbaji, na mafuta yake, kwa kuwa ni mazito yenye nta, yanapaswa kupashwa joto njia nzima mpaka baharini. Kwa mara ya kwanza wakulima wa ukanda wa dhahabu na wavuvi wa mwambao wamewekwa chini ya mradi mmoja na mkataba mmoja. Tathmini ya mali za wanaopitiwa ilifanywa mwaka 2018, na wengi walingoja miaka kadhaa kabla ya kulipwa, huku wakiwa hawajui kama wapande mazao ya kudumu au waache.

Nimeeleza kwamba Rwamgasa ilikuwa na watu bila waraka, na pwani ikawa na waraka bila watu. Aibu ya kwanza imeanza kuondolewa kwa leseni ndogo na masoko ya madini, ingawa kwa kuchelewa. Ya pili ingaliko, na dawa yake haihitaji fedha nyingi. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria ya kuifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na tangu mwaka 2015 uwazi wa mikataba ni amri ya sheria. Basi naiomba Serikali, kabla haijautia saini mkataba wa kiwanda cha gesi cha Lindi ambao umejadiliwa kwa miaka mingi, iuchapishe kwa Kiswahili, uwafikie wakazi wa Likong'o, Msimbati, Songo Songo na Kilwa, na wapewe miezi ya kuusoma na kuujibu. Na nawaomba wabunge wa mikoa yetu ya Geita na Shinyanga, ambao wapiga kura wao wanayajua madhara ya sheria inayokuja nyuma ya kazi, wasimame bungeni pamoja na wenzao wa Lindi na Mtwara kudai kwamba wavuvi wa madago waandikishwe na haki yao ya maji itambuliwe katika sheria ya fidia kabla kisima kipya chochote hakijatobolewa.